Somo: Kuonja Sigaa Kongwe Katika Hewa ya Tanga

Somo hili ni la wanachama waliokwisha kuvuta sigaa (si sigara ya karatasi, bali ile nene ya majani matupu ya tumbaku) mbili tatu za kawaida na ambao sasa wamepata, kwa kununua au kwa kuletewa na ndugu aliyesafiri, sigaa moja ya bei kubwa iliyosokotwa kwa mkono na kulazwa miaka kadhaa. Maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani ya nyumba ni kavu na kazi ya mwenye sigaa ni kuiongezea unyevu. Hapa Tanga kazi imegeuka. Hewa yetu mara nyingi hupita asilimia 75 ya unyevu, masika hupanda zaidi ya hapo, na kaskazi huleta joto linalowafurahisha wadudu wa tumbaku. Kwa hiyo nusu ya kuonja hufanyika kabla ya moto kuwashwa.

Nianze na lisilopendeza. Sigaa haivutwi mpaka mapafuni, lakini hilo halimwokoi mtu na saratani ya kinywa, ya koo wala ya umio, na sigaa moja nene yaweza kuwa na tumbaku ya karibu pakiti nzima ya sigara. Sheria ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18 na kuvuta katika maeneo ya umma. Asiyevuta asianze kwa ajili ya somo hili.

Unachokishika mkononi

Sigaa ya mkono ina sehemu tatu: majani ya ndani yaliyo marefu kama sigaa yenyewe, jani la kuyafunga, na jani la nje ambalo ndilo laini na zuri kuliko yote. Majani ya ndani hutofautishwa kwa mahali yalipoota kwenye shina. Volado ni la chini na husaidia kuwaka. Seco ni la katikati na hubeba harufu. Ligero ni la juu, limepigwa na jua zaidi, nene, lenye mafuta na nguvu. Kwa kuwa ligero huungua polepole, msokotaji huliweka katikati kabisa, na ndiyo sababu mtu akitazama moto wa sigaa iliyosokotwa vizuri huona kitovu chake kimechongoka kidogo.

Umri wa sigaa huhesabiwa kwa namna mbili, na wauzaji hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni umri wa majani kabla ya kusokotwa: katika sigaa za Cuba, zinazoandikwa Edición Limitada huwa na majani yaliyokaa angalau miaka miwili, Reserva mitatu, na Gran Reserva mitano. Ya pili ni umri wa sigaa tangu ilipofungwa sandukuni. Kwa sigaa za Cuba tarehe hiyo hugongwa mhuri chini ya sanduku, mwezi ukiwa kwa herufi za Kihispania, ENE kwa Januari au AGO kwa Agosti, ukifuatwa na tarakimu mbili za mwaka. Muulize muuzaji anazungumzia umri upi.

Miaka huondoa amonia iliyobaki tangu majani yalipochachuliwa, hulainisha ukali na hufanya ladha zilizokuwa zikigombana zitulie pamoja. Huondoa pia nguvu na harufu. Sigaa yenye ligero nyingi hufaidika kwa muda mrefu, lakini sigaa nyepesi, kwa maoni yangu, ikilazwa mno hubaki na moshi mtamu usio na la kusema, na bei yake haishuki kwa sababu hiyo.

Hatua ya kwanza: kuituliza

Sigaa iliyosafiri kwa ndege isivutwe juma hilohilo. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mpira wa kuzibia, pamoja na vipande vya mbao visivyo na rangi wala vanishi, na kifuko cha kudhibiti unyevu kilichoandikwa 62 au 65, yaani asilimia ya unyevu kinayoishikilia ndani ya chombo. Vipo vya 69 na 72, na maelekezo ya wenzetu huvisifu, lakini kila ukifungua kifuniko hapa kwetu unaingiza hewa ya bahari, kwa hiyo chagua namba ya chini. Baada ya wiki mbili au tatu unyevu huwa umeenea sawa mpaka katikati.

Mbao inayotumika duniani kwa masanduku ya sigaa ni ya mti wa Cedrela odorata, ambao asili yake ni Amerika ya kitropiki. Hapa nchini si mgeni tena: ulipandwa zamani, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umesambaa hadi kuwa kero kwa miti ya asili. Seremala anayeujua anaweza kukuchongea vibao vya kutosha kwa bei ndogo. Jihadhari asikupe mbao nyingine yenye utomvu au harufu kali, kwa sababu sigaa huibeba harufu hiyo na haiitoi tena.

Kipimaunyevu cha bei rahisi hudanganya, nacho hupimwa kwa chumvi. Weka kijiko cha chumvi kwenye kizibo cha chupa, tia matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa siku nzima. Hewa iliyomo itakuwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisema 70, ujue kinapunguza tano.

Joto ni gumu zaidi. Mayai ya mdudu wa tumbaku huweza kuanguliwa joto likipita nyuzi 24 hivi, na kwetu usiku mwingi wa Januari haushuki hapo. Sigaa zinazokusudiwa kukaa miaka zifungwe katika mifuko miwili ya plastiki, zikae jokofuni siku moja, kisha kwenye friza siku tatu au nne, zirudi jokofuni siku moja ndipo zitolewe. Kuzigandisha na kuziyeyusha ghafla hupasua jani la nje. Jokofu lenyewe si mahali pa kuziweka siku zote, maana hukausha na hunukia samaki.

Hatua ya pili: kuikagua

Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili tangu kichwani, yaani upande wa mdomo, hadi mguuni, upande wa moto. Inatakiwa ikubali kidogo na kurudi. Ikilia kwa ukavu haiko tayari. Ikibaki na alama ya kidole imelowa. Watu wa nchi kavu wakiiona imelowa huiacha mezani usiku mmoja, lakini ukifanya hivyo Tanga wakati wa masika utaikuta imelowa zaidi. Irudishe kwenye chombo cha 62 na usubiri. Sigaa iliyolowa huvutika kwa shida, huzimika mara kwa mara, huwa chungu, na majani yake ya ndani yakivimba hupasua jani la nje. Watu wengi hapa wanaolalamikia usokotaji mbaya, kwa hakika wanalalamikia unyevu.

Hatua ya tatu: kukata

Kata milimita mbili hivi za kofia ya kichwani, yaani kipande cha jani kinachoziba upande wa mdomo, kwa pigo moja la kikatio kikali, bila kufika mahali mduara unapoisha na ubavu unapoanza. Ukizidisha hapo jani la nje litafunguka. Wembe mpya hufaa kuliko kikatio butu, na meno hayafai kabisa.

Kisha ivute bila kuiwasha. Hewa ipite kwa ukinzani mdogo, na ladha utakayoipata ulimini, pengine ya nyasi kavu, pengine ya kakao, ikumbuke.

Hatua ya nne: kuwasha

Tumia kiberiti cha gesi au njiti ndefu, na njiti iachwe kwanza mpaka salfa ya kichwani iishe. Mshumaa na kiberiti cha petroli huacha ladha yao. Ishike sigaa kwa mshazari juu ya moto bila kuugusa, uizungushe mpaka ukingo wote wa mguu uwe mweusi, ndipo uitie mdomoni na kuvuta polepole huku ukiendelea kuizungusha. Puliza mguuni utazame: wekundu ukiwa umeenea pote, umemaliza.

Kaa mahali palipokingwa. Najua wengi wetu tungependa kuvutia Raskazone tukitazama maji, lakini kusi ikivuma sigaa huungua upande mmoja na kwa joto kali, na fedha yako huenda na upepo. Baraza la nyuma ya nyumba halina mandhari, ila lina sigaa.

Hatua ya tano: kuonja

Hapa ndipo panapotaka subira. Vuta mara moja kwa dakika moja hivi, kidogo, moshi ujae kinywani bila kushuka, ukae nukta chache, kisha utoke. Moshi wa sigaa hufuata kanuni ya udi kwenye chetezo: kaa likiwa jekundu mno udi huungua na kutoa uchungu, na likifunikwa na jivu harufu hupanda taratibu. Sigaa ikianza kuwa moto mdomoni, iweke chini dakika mbili. Jivu liache lijengeke sentimita mbili tatu, kwa kuwa hupooza moto. Kushindana nani ana jivu refu ni mchezo tu, na huishia kwenye kanzu.

Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchungu, chumvi, ukakasi. Yaliyobaki ni kazi ya pua. Baada ya kila mivuto kadhaa, ukiwa umetoa sehemu kubwa ya moshi kwa mdomo, funga mdomo na upitishe kiasi kidogo kilichobaki puani kwa kutoa pumzi. Mara ya kwanza itawasha. Ukizoea, utagundua kwamba pilipili uliyodhani ni ukali mtupu ina mdalasini ndani yake. Mtu wa Tanga ana faida katika jambo hili, kwa sababu iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga za Amani na Muheza amezijua tangu utotoni. Vinuse kimoja kimoja mchana wake, pamoja na kahawa iliyokaangwa na kipande cha ngozi, kisha jioni uone ni vipi vinavyorudi. Usijilazimishe kutaja ladha kumi. Mbili za kweli zinatosha.

Gawa sigaa katika theluthi. Theluthi ya kwanza huwa nyepesi, ya pili ndiyo kwa kawaida yenye usawa, na ya tatu hupata nguvu kwa kuwa joto na mafuta yamejikusanya karibu na mdomo. Andika neno moja au mawili kwa kila theluthi. Katika sigaa kongwe tazama zaidi mpito kati ya moja na nyingine: uzee mzuri huonekana hapo, ladha zikibadilishana bila kishindo. Ukanda wa karatasi uvue sigaa ikishapata joto, gundi ikiwa imelegea. Sigaa ya inchi tano yenye unene wa 50, yaani sehemu 50 za 64 za inchi, karibu milimita 20, huchukua kama saa moja. Binafsi napendelea zenye unene wa 42 hivi, kwa sababu jani la nje, ambalo hugharimu kuliko mengine, huonekana zaidi katika ladha yake.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Pangani: Mwalimu, shikamoo. Sigaa zangu zina unga mweupe, na aliyeniuzia anasema ni mafuta ya uzee, dalili ya ubora. Je, ni kweli?*

Marahaba. Katika hewa ya Pangani, uhesabu kuwa ni ukungu. Ukiwa juu ya jani la nje pekee, ufute kwa kitambaa kikavu, ziweke sigaa mbali na nyingine, na ushushe unyevu. Ukiwa umeingia mguuni kati ya majani ya ndani, itupe, hata kama iliuma mfukoni.

*Mwanachama wa Lushoto: Je, somo hili linatufaa sisi wa milimani?*

Ninyi mna bahati ya baridi. Tatizo la wadudu hupungua sana kwenu, na kifuko cha 65 kitatosha. Ukungu wa asubuhi usiwasahaulishe kifuniko.

*Mwanachama wa Muheza: Kwa nini tumbaku yetu ya Tabora isisokotwe sigaa?*

Tumbaku ya mvuke ya Urambo na kwingineko hukaushwa kwa joto ndani ya mabani kwa muda wa kama wiki moja, sukari yake ikabaki, nayo hufaa sigara. Jani la sigaa huning'inizwa kivulini likakauka kwa hewa kwa wiki nyingi, kisha hurundikwa likachachuka kwa joto lake lenyewe, likitoa amonia. Hata mbegu ni nyingine.

*Mwanachama wa Chumbageni: Mimi situmii pombe, ndugu. Niiambatanishe na nini?*

Kahawa chungu, kwa vikombe vidogo, na tende pembeni. Kahawa huinua ladha za kakao na mbao, na sukari ya tende husaidia kichwa kikianza kuzunguka kwa nikotini, jambo linalowapata zaidi wanaovuta kabla ya kula. Juisi ya ndimu na ukwaju huharibu ulimi kwa nusu saa nzima. Maji yawepo daima.

*Mwanachama wa Ngamiani: Nimeonyeshwa sanduku la Cohiba, ile chapa ya sigaa za Cuba, lenye kifuniko cha kioo, kwa bei ya chini sana. Nichukue?*

Usichukue, kaka. Sanduku la kifuniko cha kioo ni alama inayojulikana ya Cohiba bandia.

*Mwanachama huyohuyo: Na nikiitwa kabla sijamaliza, naweza kuizima na kuiendeleza kesho?*

Usiisigine. Iache izimike yenyewe, lakini kabla haijapoa ipulizie kwa ndani ili moshi mzito utoke mguuni, kisha uondoe jivu. Ukirudi ndani ya saa moja au mbili, iwashe upya na hutapoteza mengi. Ikilala mpaka kesho itakuwa chungu, na ukiirudisha kwenye chombo itazinukisha zote zilizomo.