Hujalipwa kazi ya ujenzi Texas? Jinsi ya kulinda lieni yako chini ya sheria iliyobadilika 2022

Umepiga jipsamu, rangi au vigae Houston au Dallas, na mkandarasi aliyekupa kazi hakulipi. Sheria ya Texas inakuruhusu kudai pesa yako juu ya jengo lenyewe. Haki hiyo ndiyo lieni. Ikishaandikishwa kaunti, mwenye jengo atapata tabu kuliuza au kulikopea mpaka deni lako lishughulikiwe. Ila kwa fundi aliyepewa kazi na mkandarasi, haki hii hailindwi na ukweli wa deni peke yake. Inalindwa na barua na tarehe. Ukichelewa, imepotea, hata kama kila mtu pale saiti anakiri kwamba unadai.

Sheria yenyewe ni Sura ya 53 ya Sheria ya Mali ya Texas. Bunge la jimbo liliirekebisha 2021 kwa mswada HB 2237, na marekebisho yanahusu miradi ambayo mkataba wake mkuu ulifungwa kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Mkataba unaoangaliwa hapo ni ule wa mwenye jengo na mkandarasi mkuu. Wako hata ukiwa wa juzi hauhesabiki, kwa hiyo mradi mkubwa wa siku nyingi uulizie kwanza ulisainiwa lini.

Taarifa ya madai

Hatua ya kwanza ni taarifa, yaani barua inayoeleza unachodai. Zamani aliyekuwa chini ya mkandarasi mdogo (aliyepewa kazi na mkandarasi mkuu) alitakiwa kutuma barua ya ziada kwa mkandarasi mkuu, tena mapema kuliko ile ya mwenye jengo. Wengi walipoteza haki zao hapo. Sasa ngazi zote zina taarifa moja, inayokwenda kwa mwenye jengo na kwa mkandarasi mkuu, kwa siku moja ya mwisho: tarehe 15 ya mwezi wa tatu baada ya mwezi uliofanya kazi au kupeleka vifaa. Kwa ujenzi wa makazi ni tarehe 15 ya mwezi wa pili.

Kinachohesabiwa ni mwezi wa kazi. Tarehe ya ankara haina uzito hapa, na ndipo watu wengi wanapojichanganya. Tuseme uliweka jipsamu kwenye jengo la ofisi Machi, Aprili na Mei 2026, na hujalipwa miezi yote mitatu. Taarifa ya Machi mwisho wake ni tarehe 15 Juni, ya Aprili tarehe 15 Julai. Ya Mei ingekuwa tarehe 15 Agosti, ambayo ni Jumamosi. Tangu marekebisho, siku ya mwisho ikiangukia wikiendi au sikukuu husogea hadi siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu tarehe 17. Usiitegemee nafasi hiyo. Barua moja inaweza kubeba miezi kadhaa, mradi mwezi wa zamani zaidi uwe bado ndani ya muda.

Neno "makazi" nalo lina mtego. Kisheria ni nyumba ya familia moja hadi nne, au yuniti moja ndani ya jengo, inayomilikiwa na mtu ambaye mwenyewe anakaa au anakusudia kukaa humo. Jengo la apatimenti za kupangisha halimo. Ukiwa na shaka, tumia tarehe fupi, haikugharimu kitu.

Taarifa sasa ina fomu yake ndani ya sheria, kifungu 53.056. Inakili kama ilivyo, kwa Kiingereza, pamoja na onyo linalomwambia mwenye jengo kwamba asipozuia pesa ya kutosha mali yake inaweza kuwekewa lieni. Jaza mradi na anwani yake, jina na anwani zako, aina ya kazi, mkandarasi mkuu, aliyekupa kazi kama ni mwingine, na kiasi unachodai. Unaweza kuipeleka mkononi, kwa barua ya posta yenye uthibitisho (certified mail), au kwa kampuni ya usafirishaji inayofuatilia mzigo na kuthibitisha umepokelewa. Usitegemee ujumbe wa WhatsApp. Risiti ihifadhi, kwa sababu kwenye hati ya kiapo, hatua inayofuata, utataja tarehe na njia uliyotumia.

Tuma mapema. Mwenye jengo akishapata taarifa anaruhusiwa kuzuia pesa ambayo bado hajamlipa mkandarasi mkuu. Ukisubiri mpaka amlipe yote, kilichobaki cha kukamata ni hasa zile asilimia 10 ambazo sheria inamtaka aziweke akiba hadi siku 30 baada ya kazi kukamilika. Pesa ambayo mkataba wako unaruhusu izuiwe mpaka mwisho ina taarifa yake peke yake, ndani ya siku 30 tangu mkataba wako ukamilike, uvunjwe au utelekezwe. Mkataba mkuu ukivunjwa au ukitelekezwa kabla ya hapo, siku 30 zinaanzia hapo.

Hati ya kiapo

Hii ndiyo hati ya kudai lieni yenyewe, na inaandikishwa kwa karani wa kaunti ambako jengo lipo, si unakoishi wewe. Mkandarasi mdogo ana hadi tarehe 15 ya mwezi wa nne baada ya mwezi aliofanya kazi mara ya mwisho. Makazi ni mwezi wa tatu. Kwa mfano wetu ni tarehe 15 Septemba 2026. Andika kiasi, miezi ya kazi, aina ya kazi, majina na anwani za wahusika, na maelezo rasmi ya kiwanja kama yalivyo kwenye hati ya umiliki. Anwani ya mtaa peke yake huleta ubishi. Apa mbele ya mthibitishaji wa hati (notary). Kisha ndani ya siku 5 baada ya kuandikisha, peleka nakala kwa mwenye jengo na mkandarasi mkuu. Kiasi kiwe cha kweli: anayeandikisha kwa makusudi lieni ya uongo anaweza kudaiwa dola 10,000 au zaidi.

Nyumba anayoishi mwenyewe ina ulinzi mkali zaidi. Mkataba wa mwenye nyumba na mkandarasi mkuu lazima uandikwe kabla ya kazi kuanza, usainiwe na mume na mke wote wawili, na uandikishwe kaunti. Bila hayo hakuna lieni. Jengo la serikali nalo haliwekewi lieni. Dai lako hupitia dhamana ya malipo ya mkandarasi.

Kwenda mahakamani

Hapa muda umekatwa. Miradi isiyo ya makazi ilikuwa na miaka 2. Sasa ni mwaka 1 tangu siku ya mwisho uliyoruhusiwa kuandikisha hati ya kiapo, kwetu hadi tarehe 15 Septemba 2027. Kabla muda huo haujaisha, wewe na mwenye jengo mnaweza kukubaliana kwa maandishi kuuongeza hadi miaka 2 tangu siku uliyoandikisha hati ya kiapo, na makubaliano hayo yaandikishwe kaunti. Mtafute mwanasheria miezi kadhaa kabla.

Unapoitiwa cheki

Mara nyingi utapewa karatasi ya kuachia lieni. Tangu 2022 haihitaji tena mthibitishaji, kwa hiyo mtu husaini upesi pale saiti bila kusoma. Zipo za masharti, zinazofanya kazi malipo yakishapita benki, na zisizo na masharti. Ya pili hairuhusiwi kudaiwa kabla hujalipwa. Ukiiletewa pamoja na ahadi, irudishe na uombe ile ya masharti. Ukishalipwa yote na mwenye jengo akakuandikia kuomba lieni ifutwe, una siku 10 za kumpa hati ya kuifuta.