Rauta Kuukuu, Kifurushi Kikubwa: Jinsi ya Kuomba Kubadilishiwa Kifaa na Kulalamika Ukikataliwa

Ukipigia kampuni ya intaneti kulalamika kwamba neti inakwama, utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Zima rauta, subiri kidogo, washa tena." La pili, ukishazima na kuwasha mpaka ukachoka: "Tunaweza kukupandisha kifurushi." Hilo la pili ndilo linalokula pesa za watu Kisumu, Nakuru na Kakamega. Mteja anapandishwa, bili inapanda, na kasi inabaki pale pale kwa sababu kisanduku kilichoko ukutani ni kile kile walichokifunga siku walipovuta waya. Tangi limekuwa kubwa, mfereji ni ule ule mwembamba.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka rauta yake ibadilishwe kabla hajakubali kulipa zaidi. Kuna ngazi za kupanda: kampuni kwanza, kisha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kisha baraza la rufaa au mahakama. Ukiruka ngazi utarudishwa nyuma, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio.

Jua rauta ni ya nani

Tafuta mkataba wako. Kama huna nakala, iombe kwa barua pepe, au soma masharti ya huduma kwenye tovuti ya kampuni. Unachotafuta ni sentensi moja tu: kifaa ni mali ya nani?

Kwa intaneti ya faiba inayoletwa nyumbani, mara nyingi rauta hubaki mali ya kampuni. Wewe umeazimwa, na siku ukihama wataidai. Kama ndivyo mkataba wako unavyosema, basi kifaa kikizeeka ni mzigo wa mwenyewe, na ombi lako la kubadilishiwa bila malipo lina miguu ya kusimamia. Kwa intaneti ya 5G au ya setilaiti, mara nyingi kifaa unakinunua. Hapo swali ni dhamana: ni ya muda gani, na risiti iko wapi? Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, kwa hiyo hata rauta uliyonunua si ya kukuachia tu ikiharibika mapema.

Pima kabla ya kulalamika

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Fundi akija akute una vipimo mkononi, mazungumzo hubadilika.

Anza na taa. Kwenye kisanduku cha faiba kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako: waya umekatwa na greda, umevutwa na lori lililopita na mzigo mrefu, au umekunjwa kupita kiasi nyuma ya kabati. Rauta mpya haitatibu hilo, na ukiiomba utakuwa umewapa sababu ya kufunga lalamiko lako. Ripoti waya uliokatika.

Kama taa iko sawa, tafuta kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao, iunganishe moja kwa moja na rauta, na upime kasi kwa Speedtest au fast.com. Ondoa vifaa vingine vyote kwanza. Kisha chomoa waya, simama karibu na rauta, upime kwa waifai. Halafu nenda chumba cha mbali upime tena. Rudia asubuhi, saa mbili usiku, na usiku wa manane. Kila kipimo kipige picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa.

Usichanganye vipimo: kampuni huuza kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), simu ikipakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha Mbps 40 kikikupa megabaiti 5 kwa sekunde, umepewa haki yako yote.

Sasa soma majibu. Kasi ikiwa nzuri kwa waya na mbaya kwa waifai hata ukiwa karibu, rauta ndiyo mshukiwa. Ikiwa nzuri karibu na mbovu chumbani, tatizo ni kuta. Nyumba nyingi za Nakuru zimejengwa kwa mawe ya kuchonga, na masafa ya GHz 5, ambayo ndiyo ya kasi, hayapendi kupenya jiwe. Yale ya GHz 2.4 hupenya zaidi lakini ni ya polepole, na kwenye ploti yenye fleti nyingi kila jirani anayang'ang'ania. Omba kwanza kampuni ikubadilishie chaneli, yaani kijinjia ambacho waifai yako inapita ndani ya masafa hayo: kwa GHz 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Wanaweza kufanya hivyo wakiwa ofisini kwao, pamoja na kusasisha programu ya ndani ya rauta. Wasikwambie lazima fundi aje, halafu umlipe nauli.

Ikiwa mbaya kwa waya na kwa waifai jioni tu, lakini usiku wa manane inapaa, rauta haina kosa. Kwa mfumo wa GPON, ambao kampuni nyingi hutumia, waya mmoja wenye takriban Gbps 2.5 (Mbps 2,500) hugawiwa nyumba 32 au 64. Wote wakifungua filamu saa mbili usiku, foleni inaanza. Hilo lalamikia kama msongamano, tena kwa kujiamini, kwa sababu kuongezewa kifurushi hakupanui bomba mnaloshiriki na majirani.

Halafu kuna kisa kitamu zaidi: kipimo cha waya kinachogonga 90 na kitu na kukataa kupita hapo, ilhali unalipia 200. Rauta nyingi za zamani zina matundu yenye kikomo cha Mbps 100. Kebo mbovu yenye jozi mbili tu zinazofanya kazi pia huleta hali hiyo, kwa hiyo ijaribu kebo nyingine kabla hujapiga kelele. Ikibaki hivyo, umewashika: wamekuuzia kasi ambayo kifaa chao hakiwezi kuipitisha.

Wakazi wa Kisumu, Kakamega na Kisii wana jambo lao la ziada, radi. Waya wa faiba wenyewe ni wa kioo na haupitishi umeme. Radi huingia kupitia adapta ya rauta iliyo kwenye soketi. Rauta ikizimika kabisa baada ya mvua, huenda ni adapta tu. Soma volti na ampea zilizoandikwa kwenye ile ya zamani na ununue inayofanana. Ukiweka yenye volti zaidi utaichoma rauta yenyewe, na hapo kampuni itakutoza, tena kwa haki.

Andika ombi

Simu ni nzuri kwa kupata nambari ya tiketi, yaani nambari ya lalamiko lako kwenye mfumo wao, basi. Mali bila daftari huisha bila habari, na lalamiko la mdomo ni hivyo hivyo: ukimpata mhudumu mwingine kesho, unaanza hadithi upya. Mimi kampuni moja iliwahi kuniambia, kwa sauti ya upole sana, kwamba mfumo wao hauonyeshi kuwa nimewahi kupiga simu. Barua pepe haisemewi hivyo.

Kabla ya kuandika, geuza rauta upige picha kibandiko cha chini. Pale kuna modeli na nambari ya mfululizo. Tafuta pia jumbe za M-Pesa za malipo yako. Ukiwa umezifuta, taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba kupitia *334#. Kisha andika hivi, ukibadilisha ya kwako:

"Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA RAUTA, AKAUNTI NAMBARI ...

Mimi ni mteja wenu mtaani Migosi, Kisumu, na nalipia kifurushi cha Mbps 200. Rauta mliyoniwekea, modeli ..., nambari ya mfululizo ..., haipitishi zaidi ya Mbps 94 hata kwa waya. Naambatisha vipimo vya asubuhi, jioni na usiku, picha ya kibandiko na uthibitisho wa malipo. Nimeripoti kwa simu tarehe ... na kupewa tiketi nambari ...

Kwa mujibu wa mkataba, kifaa ni mali ya kampuni. Naomba: mnibadilishie rauta bila malipo kwa inayoweza kubeba kifurushi ninacholipia, mnieleze nitafidiwaje kwa kipindi ambacho sikupata kasi hiyo, na mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 7 za kazi. Sikubali kubadilishiwa kifurushi wala kutozwa ada yoyote mpya bila idhini yangu ya maandishi.

Nisipopata jibu nitawasilisha suala hili kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya."

Siku 7 ni makadirio yangu. Kama masharti ya kampuni yanataja muda wa kushughulikia malalamiko, tumia huo. Na usiogope kuandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Sentensi ya kutokubali ada mpya usiifute hata ukiambiwa rauta mpya ni ya bure. Ni kawaida mno rauta ya "bure" kuja na kifurushi cha juu zaidi mgongoni. Sheria ya 2012 iko upande wako hapa: kitu usichokiagiza hulazimiki kukilipia.

Fundi akija na rauta mpya

Usimwache aondoke upesi. Pima kwa waya mbele yake, kwa njia ile ile ya kwanza. Mwambie aweke jina na nenosiri la waifai lile lile la zamani, ili simu na televisheni zote ziungane zenyewe. Bila hivyo wikendi yako nzima itaishia kwa kuchapia watoto nenosiri.

Rauta ya zamani inaondoka na fundi? Ifute kwanza kwa kubonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, kisha umtake atie sahihi karatasi yenye nambari ya mfululizo, tarehe na jina lake. Bila karatasi hiyo, siku ya kufunga akaunti unaweza kudaiwa rauta mbili.

Kampuni ikinyamaza au ikikataa

Hapa ndipo unapoenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998. Kanuni za Kulinda Wateja za mwaka 2010 zinampa mteja haki ya kupewa habari kamili kuhusu huduma na bei, kutozwa tu kwa alichokubali, na kusikilizwa akilalamika. Kampuni nayo inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Ndiyo maana Mamlaka itakuuliza kwanza: umeshalalamika kwao, na walisemaje?

Lalamiko linatumwa kwa barua pepe chukuahatua@ca.go.ke, au kupitia tovuti ya ca.go.ke. Makao makuu yako Waiyaki Way, Nairobi, na kuna ofisi ya kanda Kisumu kwa mtu anayependa kuongea uso kwa uso. Aliye Nakuru ninamshauri atume barua pepe tu, aokoe nauli.

Weka jina lako, simu, jina la kampuni, nambari ya akaunti, nambari ya tiketi, barua uliyoiandikia kampuni na jibu lake, au maelezo kwamba hukujibiwa. Kwenye barua pepe hiyo ipe pia kampuni nakala. Andika maelezo yako kwa ukurasa mmoja, kwa tarehe, bila matusi. Najua matusi yanastahili. Lakini ofisa anayesoma anatafuta mfuatano wa matukio, na hasira inauficha. Mwishoni sema unataka nini hasa: rauta, fidia, au kutoka kwenye mkataba bila adhabu. Lalamiko lisilo na ombi hujibiwa kwa pole.

Mamlaka huiandikia kampuni na kuitaka ijieleze. Mara nyingi hapo ndipo simu yako inapoanza kulia, na mtu wa kampuni anakuuliza fundi aje saa ngapi. Akikuomba uondoe lalamiko, mwambie utathibitisha likiisha.

Usiporidhika na uamuzi, kuna baraza la rufaa la mawasiliano lililoundwa chini ya sheria hiyo hiyo ya 1998. Kama unachodai ni pesa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, haihitaji wakili, na inatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60 tangu kesi iwasilishwe. Nakuru na Kisumu zote zina mahakama hiyo. Tahadhari ni ile niliyoigusa mwanzoni: mahakama za Kenya zimezoea kumrudisha mlalamishi aliyeruka njia zilizowekwa na sheria, kwa hiyo fika pale ukiwa na majibu ya Mamlaka mkononi.

Ukiamua kuhama kampuni, rudisha kifaa chao kabla ya tarehe ya malipo ya mwezi unaofuata, na udai barua ya kufungwa kwa akaunti. Usiache kulipa tu ukidhani wataelewa. Baadhi ya mikataba huendelea kuhesabu deni hata waya ukiwa umekatwa.