Slaidi ya figo ya mbuzi kwa somo la seli

Anayetaka kutengeneza slaidi za kufundishia seli na tishu na aanze na figo ya mbuzi. Ya ng'ombe imegawanyika mafundomafundo, na ya binadamu ina piramidi kadhaa ndani yake. Ya mbuzi ni laini nje, na mirija yake yote huelekea ncha moja, kwa hiyo kipande kimoja chembamba kinamwonyesha mwanafunzi figo nzima, kutoka gamba la nje hadi ncha ya ndani. Mwambie tu mapema kwamba yake mwenyewe haiko hivyo.

Slaidi nyingi mbovu huharibika kabla hazijafika maabara. Mbuzi akishachinjwa, vimeng'enya vya seli huanza kuzila seli zenyewe. Katika figo, mirija iliyo karibu na glomeruli (vifundo vya mishipa midogo vinavyochuja damu) ndiyo huumia kwanza: seli huvimba, na vinyweleo vyake vya ndani, yaani vijinywele vidogo sana vinavyoelekea ndani ya mrija, hudondoka. Figo ya kununua buchari jioni, hata uipake rangi kwa ustadi gani, itaonyesha uozo. Beba formalini, dawa ya kukakamaza na kuhifadhi tishu, hadi machinjioni. Kwa Nairobi, Kiamaiko ndiko kwenye mbuzi. Mwombe mchinjaji akupe figo ikiwa bado na joto, uikate papo hapo.

Changanya formalini siku iliyotangulia: formaldehaidi ya dukani ya 37 hadi 40% mililita 100, maji yaliyokenekwa mililita 900, sodiamu dihaidrojeni fosfeti monohaidreti gramu 4, na disodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji gramu 6.5. Tunaiita formalini ya 10%, ingawa formaldehaidi halisi humo ni karibu 4%. Usiache fosfeti ili kuokoa pesa. Bila hizo mchanganyiko huchachuka, na uchachu ukikutana na damu hutia madoa ya kahawia-nyeusi ambayo wanafunzi hudhani ni ugonjwa. Vaa glavu, fungua madirisha. Ferdinand Blum aligundua kazi hii ya formaldehaidi mwaka 1893 alipokuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake imekakamaa. Itakavyofanya tishu ndivyo itakavyokufanya wewe.

Pasua figo katikati kwa urefu kwa wembe mpya, kisha ukate kabari kutoka ukingoni hadi kwenye ncha, unene wa milimita 3, usizidi 4. Vuta wembe mara moja. Ukiusukuma na kuurudisha, utaponda mirija. Usioshe kipande kwa maji ya mfereji, kwani seli hunywa maji na kupasuka. Kitumbukize kwenye chupa yenye mdomo mpana (kikishakakamaa hakitoki kwenye shingo nyembamba), formalini iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wake, ukiache saa 24.

Kinachofuata ni kutoa maji na kuingiza nta. Weka kipande kwenye kaseti (kijikasha chenye matundu) iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka. Pitisha kwenye alkoholi ya 70%, 80%, 95%, halafu 100% mara mbili. Zailini, kiyeyushi cha nta, mara mbili. Parafini, ndiyo nta yenyewe, ya nyuzi 58 hadi 60 mara mbili. Kila hatua saa moja. Zailini hushika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na jiko wala kiberiti chumbani. Tishu ikitoka laini katikati, alkoholi ya mwisho ilikuwa na maji. Ikivunjika kama biskuti, imekaa mno kwenye alkoholi au kwenye nta ya moto.

Gandisha kipande ndani ya bonge la nta, kisha ulipoze juu ya barafu kabla ya kulikata kwa mikrotomu (mashine ya kukatia vipande vyembamba), hasa alasiri za Januari na Februari, kwani nta ikilegea kipande hujikunja. Kata mikromita 4 au 5, uuweke utepe wa vipande uelee juu ya maji ya nyuzi 45 ujinyooshe, kisha uuchote kwa slaidi. Ukiona mistari kama ya pazia, kisu kimelegea kwenye kishikio chake. Mkwaruzo mmoja ulionyooka ni pengo kwenye makali.

Sasa rangi. Hematoksilini, rangi ya viini vya seli, hutoka kwenye mti wa Haematoxylum campechianum wa Amerika ya Kati. Yeyusha nta kwa zailini dakika 5 mara mbili, shuka kwenye alkoholi hadi maji, kisha hematoksilini ya Mayer dakika 8 hadi 10. Viini vya seli vitatoka vyekundu vya zambarau. Ni maji yenye alkali ndiyo huvigeuza buluu, na hapa ndipo wengi hukwama. Maji ya bwawa la Ndakaini yanayotufikia mferejini Nairobi hayana madini mengi, kwa hiyo slaidi inaweza kukaa dakika kumi na bado ikawa na wekundu. Usiongeze hematoksilini. Yeyusha gramu 3.5 za sodiamu baikaboneti na gramu 20 za magnesiamu salfeti katika lita moja ya maji, utumbukize slaidi kwa dakika moja au mbili, na buluu itakuja ukiiona kwa macho. Suuza vizuri: alkali ikibaki, eosini, rangi ya pili ya waridi, haishiki.

Eosini ya 1% dakika mbili, kisha alkoholi ya 95% upesi kwa sababu inaifua eosini, ya 100% mara mbili, zailini mara mbili. Tone la DPX (gundi ya slaidi), halafu ushushe kioo cha kufunikia kwa pembe ili hewa itoke. Slaidi ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia zailini: irudishe kwenye alkoholi ya 100% mpya, kisha zailini mpya. Ilaze usiku mzima ikauke, na ukiiweka chini ya lenzi ya 40, tafuta kwanza vinyweleo vya ndani ya mirija. Vikiwepo, wape wanafunzi.