Pima kijito chako kwa chungwa na mpira wa maji

Watu wa huku kwetu Mbale, Uganda, wakitaka kuweka jenereta ndogo kwenye kijito, huniambia kwanza kwamba maji yao yana mbio. Swali langu ni moja: yanashuka mita ngapi? Nawafundisha vijana wa ufundi waanze na swali hilo hilo, kwa sababu mbio hupendeza macho, ila umeme mwingi umo kwenye mteremko.

Anza na mbio hata hivyo, maana utazihitaji. Tafuta sehemu iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa, ufunge kamba mbili kukatiza kijito, mita 10 kati yake. Tupa chungwa hatua chache juu ya kamba ya kwanza ili lishike mwendo wa maji kabla ya kufika. Nachagua chungwa kwa kuwa karibu lote huzama, upepo haulisukumi. Chupa tupu inayoelea juu juu itakudanganya. Pima muda kwa simu, rudia mara kadhaa, chukua wastani.

Tuseme ni sekunde 16. Hiyo ni mita 0.625 kwa sekunde, lakini ni mbio za juu tu. Chini maji hukwaruzana na udongo na kupungua mwendo. Zidisha kwa 0.8, upate 0.5. Penye mawe na maji machache mimi hushuka hadi 0.65.

Sasa upana na kina. Chovya fimbo sehemu tano au sita kutoka ukingo hadi ukingo. Upana wa mita 1.5 na kina cha wastani cha mita 0.2 hutoa eneo la mita za mraba 0.3. Zidisha kwa 0.5: lita 150 kila sekunde, yaani kilo 150 za maji.

Nishati mwendo ni nusu ya uzito mara mbio mara mbio. Nusu ya 150, mara 0.5, mara 0.5: wati 19 hivi. Zinatosha taa mbili tatu za LED, basi.

Kisha pima mteremko. Jaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, hakikisha hamna viputo. Mmoja ashike ncha moja juu, mwingine ashuke na ya pili. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Kila mmoja apime kutoka ardhini hadi usawa huo, mtoe kidogo kwenye kikubwa. Endeleeni kushuka hatua kwa hatua, mkijumlisha. Mkipata mita 4, nishati tuli, yaani ile ya maji kushuka kutoka juu, ni 150 mara 9.8 (nguvu ya mvutano wa dunia) mara 4: wati 5,880. Bomba, gurudumu na jenereta vitakula karibu nusu, na bado utabaki na karibu wati 2,900. Kijito ni kile kile!

Ndiyo maana kule Karuma, kwenye kituo cha umeme wa maji cha megawati 600, wahandisi walichimba mahandaki ya zaidi ya kilomita 8 chini ya mwamba: walikuwa wanakusanya mteremko wa Nile wa mita 70 hivi.

Mbio zina jambo moja la kuogopa. Gogo la kilo 100 likielea kwa mita 1 kwa sekunde lina jouli 50 za nishati (jouli ni kipimo cha nishati). Mbio zikifika mita 3, lina 450, mara tisa. Mvua ikinyesha juu mlimani, toka majini hata kama kwako jua linawaka. Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa mjini na watu wakafa. Nawasihi sana, chungwa lisikuvute kuingia.

Pima tena Januari au Februari, wakati wa kiangazi. Kipimo hicho kidogo ndicho cha kumpelekea fundi wa jenereta, kwa kuwa mashine iliyonunuliwa kwa maji ya Mei italala miezi ya ukame.