Ukitaka kikundi chako kichekeshe watu, anzeni na mazoezi ya kunyamaza

Nafundisha zeze, marimba na uimbaji hapa Veyula, Dodoma. Vijana wenye vikundi vyao wakija kuniuliza namna ya kuwavunja watu mbavu jukwaani, huwa nataka kwanza kusikia wimbo wenyewe ukiwa mkavu, bila kionjo chochote, kuanzia beti la kwanza mpaka la mwisho. Wimbo ambao haufai kusikilizwa bila kichekesho, kichekesho hakitauokoa. Zeze likiwa halijakazwa vizuri, watu watacheka kweli, lakini watakuwa wanacheka sauti mbovu, na ninyi hamtajua. Kwa hiyo kazeni nyuzi kabla ya kila wimbo, hasa kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, kwenye jua na upepo wa Agosti.

Wimbo ukishaiva, tafuteni mahali pamoja tu pa kuuvunja. Msikilizaji hucheka pale alipokuwa na hakika ya kinachofuata, halafu hakikuja. Hiyo hakika ni ninyi mnaompa, kwa kurudia kiitikio kilekile, kwa mapigo yaleyale, mara mbili au tatu bila kukosea.

Aliyeijua kazi hii vizuri kuliko wengi ni Joseph Haydn wa Austria. Mwaka 1781 aliandika muziki wa ala nne za nyuzi ambao mwishoni unasimama, unaanza tena, unasimama, unakaa kimya kirefu, kisha unarudisha kipande cha mwanzo na kuishia hapohapo. Asiyeujua hajui apige makofi lini. Mwaka 1772 alikuwa ameshafanya kubwa zaidi. Bwana wake, Mwanamfalme Esterházy, alikuwa amewaweka wanamuziki mbali na familia zao kwa muda mrefu mno, basi Haydn akatunga muziki ambao mwishoni wapigaji wanamaliza mmoja mmoja, kila mmoja anazima mshumaa wake na kuondoka. Bwana akaelewa. Lile lilikuwa ombi la watu wazima, limefikishwa kwa utani, ndani ya muziki uliopangika kabisa.

Kimya cha namna hiyo kinafaa sana kwetu. Pangeni kiitikio cha tatu kikatike ghafla: marimba, kayamba, zeze na sauti zote kwa pamoja. Hesabuni mapigo manane. Manne ni machache, mtu atadhani mnavuta pumzi. Kumi na sita ni mengi, watu wataanza kuongea. Kazi ngumu ni ya wacheza wenye njuga, maana mguu mmoja ukitikisika, njuga inalia na kimya kimeharibika. Hao wahesabu kwa vidole, mikono ikiwa nyuma. Wengine wote watazame mbele kama watu waliokatiwa umeme. Atakayetabasamu kabla ya pigo la tisa arudi mazoezini, kwa sababu ameshawaambia watu kwamba huu ni mzaha. Pigo la tisa liingieni wote kwa nguvu ileile mliyokatia.

Njia ya pili naipenda zaidi, nayo ni kulifanya zeze lijibu. Mwimbaji anaimba madai ya mahari, anataja ng'ombe anaowataka, na zeze linajibu kwa kuburuza sauti kutoka juu kwenda chini, kama mzee anayelalamika. Kidole kiteleze kwenye uzi bila kunyanyuliwa, upinde uende polepole. Jibu lichukue mapigo yaleyale aliyochukua mwimbaji, hata moja lisizidi. Kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wasisimamishe ngoma kucheka; ngoma zikiendelea bila kutetereka, yule mzee wa zeze anazidi kuchekesha.

Maneno nayo yapunguzeni. Mwanamuziki Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila walizungumzia kondomu, wakati ukimwi unaua watu, kwa kuziita soksi. Neno moja likabeba utani wote, na magitaa yakapigwa kwa umakini uleule wa nyimbo zake za msiba. Halafu mtu wa kwanza kutaniwa alikuwa yeye mwenyewe, kwa kujiita Sura Mbaya.

Hapo kwenye nani ataniwe, naomba mnisikilize sana. Wagogo na Wahehe ni watani, kwa hiyo harusi ikiwa na wakwe kutoka Iringa, mlango uko wazi, lakini muulizeni mshereheshaji kwanza kama wazee wa pande zote wameridhia. Sisi Wagogo tunataniwa kwa kuombaomba, na mtani akisema tunacheka naye. Kikundi kikiliimba hilo mbele ya mama aliyefika mjini kwa sababu mvua zilikata na uwele ukakauka shambani, kinamuumiza bure. Ulemavu, njaa na utasa viacheni kabisa.

Watu wakipiga kelele mrudie, msirudie. Ingieni beti linalofuata kama ilivyopangwa, na kwenye onyesho lijalo kihamisheni kile kimya kwenye wimbo mwingine, maana waliokuja leo watakuwa wanakisubiri palepale.