SOMO: Dakika mbili za mwanzo za filamu ya taharuki, kuanzia wazo hadi posta (wanafunzi, someni kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, tangu shule zifunguliwe inboksi yangu ina swali moja tu: "Bro, tumepewa kazi ya kikundi, mwanzo wa filamu ya taharuki, tunaanzia wapi?" Nimejibu hadi vidole vimeota sugu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki bila salamu.

1. Wazo. Sentensi moja: nani anataka nini, na baya gani linamsogelea.

2. Taharuki si kutisha. Damu na mapepo ni kutisha. Taharuki ni mtazamaji kujua asilolijua mhusika. Dada anarudi nyumbani usiku, anaimba, anabandika chai. Hapo hakuna kitu. Sasa tuonyesheni kwanza ndala za kiume zenye tope chini ya kitanda chake, ndipo aingie akiimba. Chai ileile, wimbo uleule, ila mtazamaji kwenye kiti chake hamezi mate. Na msimkamate muuaji dakika ya pili. Filamu yenyewe itahusu nini?

3. Storibodi, yaani kila shoti ichorwe karatasini kabla ya kushuti. Choreni hata watu wa vijiti. Shoti 20 hadi 30 zinatosha.

4. Lokesheni na ruhusa. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nikiwa mwaka wa pili chuo tulikuwa na shoti ya dada anatekwa, kichochoro kimoja Dar, saa moja usiku. Tulishuti kwa simu, tukaificha ng'ambo ya barabara ili mambo yaonekane ya kweli. Yakaonekana ya kweli kupita kiasi. Dada alipiga ukelele mmoja, mama muuza chapati akaupokea kwa "Mwiziii!", na kabla sijatoka mafichoni jamaa aliyeigiza mtekaji alikuwa chini, mtu kainua tofali. Aliyemwokoa ni yuleyule dada: alimlalia juu huku akilia kwamba ni maigizo. Jamaa alishonwa nyuzi sita. Kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyesema "tusiwaambie watu, watakodolea kamera".

Kwa hiyo: barua ya shule yenye mhuri ifike ofisi ya serikali ya mtaa siku kadhaa kabla, na mwenyekiti awajue kwa sura. Piteni kwa afisa utamaduni wa wilaya mwulize habari ya kibali cha Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, na "sisi ni wanafunzi tu" si kibali. Siku yenyewe salimieni kila mwenye meza, genge na kijiwe cha boda pale. Mtu mmoja asimame peupe na barua mkononi, asifanye kazi nyingine yoyote. Silaha ya bandia isionekane barabarani KABISA, hata bastola ya plastiki ya watoto wa Idi. Ukelele rekodini ndani, mtaubandika wakati wa kuediti.

5. Mwanga. Huku kwetu jua likizama, giza linaingia ndani ya dakika kama 20. Shoti za magharibi zigaweni jioni mbili tatu, na mpigeni picha mwigizaji kabla hajaondoka, hereni zisije zikabadilika kesho. Taa za tyubu zikichezacheza kwenye video, kumbukeni umeme wetu ni wa 50Hz: wekeni fremu 25 kwa sekunde, na shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) iwe sekunde 1/50.

6. Sauti. Zimeni feni na friji. Kila lokesheni, rekodini nusu dakika ya ukimya wake.

7. Kutangaza. Kunaanza siku ya kushuti, si baada ya kuediti. Pigeni picha za mnato palepale, kwa sababu fremu iliyokatwa kwenye video iliyotikisika haitoi posta. Posta ibebe kitu kimoja (zile ndala zinatosha), jina, tarehe, mahali. Mkipanga nyuso za waigizaji wote itakuwa fulana ya kampeni. Kwa status, kateni kipande cha wima cha sekunde 20 hivi kinachoishia kabla jambo halijatokea. Posta ya kwanza ikabandikwe kwa mama chapati, maana yeye na wateja wake ndio watazamaji wenu wa kwanza.

MASWALI

Kidumu_cha_Njano: Mkuu nimesoma juujuu. Kibali ni lazima? Tunashuti mtaani usiku, tuna panga dogo tu.

Mwandishi: Rudi hatua ya 4.

Kidumu_cha_Njano: Nilitaka jibu fupi mkuu.

Mwandishi: Tofali.

Msemakweli wa Buza: Kwani wewe umetoa muvi gani?

Mwandishi: Hakuna unayoijua. Nina miaka minne na klabu ya filamu ya shule, bure. Ukimpata mwenye tuzo anayejibu inboksi saa sita usiku, niunganishe naye, hata mimi nina maswali.

binti_bweni: Shikamoo kaka. Sisi ni wasichana wa bweni, haturuhusiwi kutoka getini. Kamera ni ya shule. Tunaweza kutengeneza taharuki bila mwanaume wala silaha?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Bweni lenyewe ni nusu ya filamu. Matroni anapita na tochi akihesabu waliolala. Wanatakiwa wawe 24. Anafika mwisho: 25. Anageuka aanze upya, na nyuma yake, kwenye kitanda alichokwisha kukipita, sisi tunaona shuka linateremka polepole. Mwanga wenu ni tochi, muziki wenu ni ndala zake sakafuni. Mwombeni matroni ruhusa mapema, pengine akubali kuigiza mwenyewe.

binti_bweni: Kaka nimesisimka! Na mtazamaji ajue kabla yake kwamba wako 25?

Mwandishi: Umenizidi. Ndiyo, tuonyesheni mlangoni daftari lenye 24, kisha kamera ipite vitandani kabla matroni hajaingia. Wanaohesabu watahesabu.

Chumvi Kidogo: Wimbo wa Bongo Flava nimeununua kihalali, naweza kuutumia?

Mwandishi: Umenunua kuusikiliza. YouTube ina mfumo wa kuutambua, na video yako inaweza kuzuiwa au hela ya matangazo ikaenda kwa mwenye wimbo.

Fundi Sufuria: Kwaruza sufuria kwa uma, rekodi, kisha ipunguze kasi kwenye Audacity (programu ya kuediti sauti). Nywele zitasimama.

Mwandishi: Hii naiiba. Na mimi nawapa ya maiki: chukua earphone za waya, zile za masikioni, ficha maiki yake ndani ya kola, rekodi kwa simu ya pili, piga kofi moja mwanzoni ili uoanishe sauti na picha.

Kidumu_cha_Njano: Mkuu nimerudi. Panga tumeliacha. Mwenyekiti wa mtaa kakubali, ila anataka aigize.

Mwandishi: Mpeni shoti moja. Ya mgongo.