Namna ya kupanga wiki ya bao, dhumna na pleisteshen ukiwa na kazi na familia

Mie ni fundi wa mafriji hapa mjini Unguja, na kazi hii haina saa. Friji la duka la samaki likizima, unaitwa usiku. Hata hivyo wiki haipiti sijacheza. Siri yake ni kujua mchezo upi ukae siku ipi. Michezo ya kukaa na watu iweke siku ambazo watu wapo. Ya kwenye skrini iweke siku unazorudi umechoka na huna hamu ya kusemezana. Na katika yote chagua mmoja tu wa kukomaa nao wiki hiyo. Mingine cheza kwa raha.

Mie mara nyingi nakomaa na bao la kete, kwa hiyo nianze hapo.

Jumatatu na Jumanne sendi barzani. Natoa bao langu nyumbani, naweka kete kwenye mkeka, nacheza pande zote mbili mwenyewe. Anza mwanzo kabisa, kwenye namua, yaani hatua ya kuingiza kete za akiba moja moja, kwa sababu wengi wanaofungwa wanafungwa humo humo. Panga hivi: kila upande nyumba, lile shimo kuu, ina kete 6, mashimo mawili yanayoifuata kuliani yana kete 2 kila moja, na 22 zimebaki ghalani. Hizo ni 32 zako, na mwenzako 32, jumla 64. Ukihesabu safu yako ya mbele kutoka kushoto, nyumba ni shimo la tano.

Sasa weka kete moja kwenye shimo la sita. Zimekuwa 3, zitoe utakate, yaani uzigawe moja moja bila kula, kwenda kushoto. Nyumba inapata ya 7, shimo la nne linapata moja, la tatu linapata moja, na hapo umelala, zamu yako imekwisha, kwa sababu shimo lilikuwa tupu. Usiguse kitu kwanza, tazama. Ile kete ya shimo la nne imesimama uso kwa uso na nyumba ya mwenzako. Ukipewa nafasi, zamu ijayo unaila nyumba nzima. Lakini zamu ni yake. Zunguka ukae upande wake kweli kweli, usigeuze bao, kisha jiulize anaweza kula nini. Ana njia mbili: aweke kete kwenye nyumba yake ale ile ya shimo la nne, au aweke kwenye shimo lake la sita ale ile ya shimo la tatu. Fuata njia zote mbili mpaka alale, moja baada ya nyingine, na kila mara urudishe kete kama zilivyokuwa. Zoezi hili moja linakula nusu saa nzima. Ukilizoea, anza kutaja kete ya mwisho itaangukia wapi kabla mkono haujagusa bao. Bao linachezwa kwa macho kwanza, mkono unafuata.

Jumatano baada ya Isha ndiyo napeleka nilichojifunza barzani. Kama wewe ni mgeni mahali, usifike ukaomba kucheza papo hapo. Toa salamu, kaa, tazama mabao mawili matatu, na usitie neno katika mchezo wa watu hata ukiona kete ya kula imesahauliwa. Kisha unamwambia mkubwa aliyepo, "Shikamoo mzee, nami naomba bao linalofuata." Aliyefungwa anainuka, unakaa wewe. Wazee wanafundisha sana wakiona unasikiliza. Kuna mmoja barzani kwetu aliniambia, "Mwanangu, nyumba yako ina kete nyingi, una haraka ya safari ya wapi?" Tangu hapo, kete ya mwisho ikiangukia nyumbani na nina hiari ya kusimama au kusafiri, yaani kuzitoa kete za nyumba niendelee nazo, kwanza nahesabu safari itaishia wapi. Isipofika mahali pa kula, nasimama.

Alhamisi ni pleisteshen, na Jumapili asubuhi kidogo kabla watoto hawajaamka. Hapa jambo la kwanza ni umeme. Soma wati zilizoandikwa kwenye mashine na kwenye televisheni, ujumlishe. Zikifika 200, saa 5 za kucheza ni uniti 1 ya tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Kwa hesabu hiyo, hata mwenye nyumba akilalamika unaweza kumwonyesha kwamba pasi na birika la umeme ndivyo vinavyomaliza. Jambo la pili ni bando: nunua gemu la diski, cheza bila intaneti, na usiruhusu mashine ijisasishe yenyewe usiku.

Katika FC, gemu la mpira wa miguu, ukitaka kupanda kiwango haraka, acha kufikiria mabao, jifunze kukaba. Cheza na kompyuta kwenye daraja gumu na ujipe sharti moja: beki wako asichomoe mguu mpaka mshambuliaji aguse mpira kwa mbali. Shikilia kitufe cha L2, beki anamkabili mtu huku anarudi ubavu. Ukihitaji kasi ongeza R2 kidogo, kisha uachie. Ukifungwa, tazama marudio ya bao lile, na utafute beki gani alitoka kwenye mstari. Mara nyingi ni yule uliyekuwa unamwendesha wewe. Mechi mbili za namna hii zinatosha, kisha zima. Ukiendelea usiku wa manane vidole vinaanza kubonyeza bila kichwa, na huo si mchezo tena.

Dhumna naicheza Jumamosi alasiri, watu wanne, wawili kwa wawili, vipande 28, saba saba. Sina mengi ya kufundisha hapo ila hili: kila namba ipo kwenye vipande 7. Ukishika vitatu vyenye nne na mezani vimeshuka vitatu, kimebaki kimoja, na ni wajibu wako kujua kiko kwa nani. Adui aliyepita nne ilipokuwa wazi, hana. Wanaobaki ni mwenzio na adui mmoja. Tazama anasita wapi.

Keram ni ya watoto wangu, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Wape poda kidogo tu, na uwafundishe kupiga kete nyeupe za karibu kabla ya kuiwania nyekundu. Binti yangu anapiga kwa ubavu wa ubao vizuri kuliko mie, na simpunguzii.

Ikiwa wiki imevurugika, usijaribu kuifidia yote siku moja. Futa pleisteshen kwanza, kwa kuwa mashine inakusubiri, ila usikose barza, kwa kuwa watu wanne wasipokutana mara mbili tatu hawakusanyiki tena. Na Ramadhani ratiba nzima inahamia baada ya tarawehe: bao na dhumna tu, mpaka karibu na daku, na mazoezi ya peke yako yanasubiri Mfunguo Mosi.